Baraza la rufaa linaweza kuwa huru kweli wakati serikali ndo inateua wajumbe?

Mtoto wa Kihesa:
Kamwene wakuu. Nipo Iringa nasoma utawala wa umma, tumepewa semina ya mabaraza ya rufaa kwenye nchi za shirikisho na kundi letu limeangukia Australia. Ninavyoelewa ofisi ya serikali ikikunyima viza au ikikukatia posho unaenda baraza huru linapitia upya ule uamuzi. Kinachonichanganya, wajumbe wanateuliwa na serikali hiyo hiyo na mshahara wanalipwa na hiyo hiyo, sasa huo uhuru unatoka wapi? Na kwanini watu wasiende tu mahakamani yaishe? Tunawasilisha Alhamisi na wenzangu kazi yote wamenitupia mimi.

Uyole Juu:
Dogo la mahakama ndo jepesi. Jaji anaangalia kama ofisa alifuata sheria, akikuta kakosea mara nyingi faili linarudi idarani waamue tena. Baraza linafungua jambo zima upya, una ushahidi mpya unapeleka, na linaweza kufuta uamuzi likaandika wa kwake. Na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Australia walitunga sheria ya baraza lao, AAT (Administrative Appeals Tribunal), mwaka 1975, likaanza kazi 1976.

Kwenye uhuru sasa, usihangaike na nani anateua, karibu kote ni serikali. Angalia nani anaongeza mkataba ukiisha. Soma habari ya Robodebt, mpango wa huko huko Australia wa kudai watu posho. Idara ya posho ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, kompyuta ikakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, halafu mtu anaandikiwa barua kwamba alilipwa posho kuzidi, arudishe. Yaani ufanye kibarua cha kuvuna viazi miezi miwili pale Isyonje halafu uambiwe ulikuwa na hela mwaka mzima! Zaidi ya watu laki 4 wakabandikwa madeni. Mjumbe mmoja wa AAT, Profesa Terry Carney, 2017 akaamua madeni ya namna hiyo hayana msingi kisheria, na sio kwa kesi moja tu. Idara haikukata rufaa, na haikubadilisha kitu pia, wale walioshinda kesi ndo walipona wengine wakaendelea kudaiwa, na kwa vile maamuzi ya ngazi ile ya kwanza ya baraza yalikuwa hayachapishwi mdaiwa mwingine hakujua kama kuna mwenzake kashashinda. Mwaka huo huo mkataba wa Carney ukaisha, hakuongezewa, mtu aliyefanya kazi hiyo karibu miaka 40. Hakuna barua ya kumfukuza popote, muda wake tu umeisha. Serikali imekuja kukubali kosa mwishoni mwa 2019 ilipobanwa Mahakama ya Shirikisho.

Soko Matola:
Ongezea na hii, hiyo AAT haipo tena. Ilifutwa Oktoba 2024 ikaja Administrative Review Tribunal. Mwanasheria Mkuu wao wa wakati huo Mark Dreyfus alipotangaza kuifuta Desemba 2022 alisema serikali iliyopita ilijaza watu wa chama chake, wabunge wastaafu, walioangushwa kwenye uchaguzi, mpaka wasaidizi wao, kama 85 hivi. Ila na yeye ni mwanasiasa wa upande wa pili, hilo usiache kulisema mbele ya mwalimu.

Mama Igurusi:
Mwanangu weka na ya nyumbani basi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, sheria ilivyotungwa 2002, mwenyekiti anateuliwa na waziri wa ardhi kwa miaka mitatu mitatu. Sasa uwe na kesi na halmashauri uone unavyokaa pale kwenye benchi roho juu. Lakini mimi kilichoniumiza sio waziri, ni karatasi. Wale washauri wawili wanaokaa na mwenyekiti lazima maoni yao yaandikwe na wadaawa wasomewe kabla ya hukumu. Kwenye kesi ya shamba letu la mpunga hayakusomwa, tulishinda tukafurahi, mwenzetu akakata rufaa Mahakama Kuu ikafuta kila kitu tuanze upya. Na Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo kwenye kesi ya hapa hapa Mbeya dhidi ya Halmashauri ya Jiji, ni ya 2018.

Mtoto wa Kihesa:
Ndaga sana mama na wakuu wote 🙏 Carney anaingia slaidi ya kwanza. Ila mwalimu wetu mbishi, najua atauliza baraza lilisaidia nini kama idara ilipuuza.

Uyole Juu:
Mjibu kwamba idara haikupuuza kesi, ilipuuza sababu. Uamuzi wa baraza unambana ofisa kwa mtu huyo mmoja aliyelalamika, haumlazimishi kubadilisha utaratibu kwa wengine. Akibisha muulize yeye angeandikaje hicho kifungu.

Soko Matola:
Na usome muda wa kukata rufaa, kule mambo mengi ni siku 28 toka upewe uamuzi. Huku ukiachishwa kazi, kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ni siku 30, watu wanazimalizia kwa mganga.