MJADALA: Hidrojeni ya umeme kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, umma uchangie?

Mleta mada: Mwaka 2021 Shell iliwasha mtambo wa Refhyne wa megawati 10 huko Wesseling, karibu na Köln, Ujerumani. Unapasua maji kwa umeme na kutoa hadi tani 1,300 za hidrojeni kwa mwaka. Mwaka 2024 wakaamua kujenga mwingine wa megawati 100, hadi tani 44 kwa siku, uliopangwa kuanza 2027. Pesa za Umoja wa Ulaya zimo. Kwa nini mlipa kodi achangie gesi ya kiwanda cha mafuta?

Mhesabu: Mahitaji ya hidrojeni pale yalitajwa kuwa kama tani 180,000 kwa mwaka, karibu zote zikitengenezwa kwa gesi asilia. Mtambo wa kwanza haufikishi hata asilimia 1. Wa pili ni kama asilimia 9, tena ukizunguka mwaka mzima bila kusimama, jambo ambalo halipo.

Kilo moja inakula kama kilowati-saa 55, pamoja na pampu, upoozaji na kinachopotea kwenye rektifaya (kifaa cha kugeuza umeme wa AC kuwa DC). Chukua umeme wa senti 6 za yuro kwa kilowati-saa: tayari ni yuro 3.30 na mtambo wenyewe hujaulipia. Hidrojeni ya gesi asilia hutoa kilo 9 hadi 10 za kaboni dioksidi kwa kilo, kwa hiyo hata tozo ya yuro 70 kwa kila tani ya kaboni dioksidi inaipandisha bei kwa senti 70 tu. Kibaya zaidi, ukivuta umeme wa gridi yenye gramu 400 za kaboni kwa kilowati-saa, unapata kilo 22 za kaboni kwa kila kilo ya hidrojeni. Ili ulingane tu na gesi, gridi isizidi kama gramu 180.

Fundi wa mitambo: Hesabu zako sizipingi, mkuu. Ila hidrojeni hii kazi yake kubwa ni kuvuta salfa kwenye dizeli (Ulaya kikomo ni miligramu 10 kwa kilo) na kuvunja mafuta mazito. Huwezi kufanya hayo kwa betri. Bomba lipo, mnunuzi yupo saa 24. Kama hii teknolojia haisimami hapa, itasimama wapi?

Shida ziko kwenye mambo madogo. Mtambo wa utando kama huu wa Wesseling, ambamo utando mwembamba hutenganisha hidrojeni na oksijeni, unataka maji safi mno yasiyopitisha umeme, chini ya maikrosimensi 1 kwa sentimita. Chuma kikipenya kutoka kwenye bomba baya, ayoni zake hukaa ndani ya utando, volti inapanda, utando unaliwa. Pima floridi kwenye maji yanayotoka: ikipanda, utando unakonda. Halafu gesi inatoka na chembe za oksijeni, ambazo huko mbele hutengeneza utomvu unaoziba vibadilisha joto. Lazima ipite kwenye kichocheo cha paladiamu, kisha vikaushio, kisha kompresa: inatoka na mgandamizo wa baa 20 hadi 30, kitengo cha kuvunja mafuta mazito kinataka zaidi ya 100.

Mleta mada: Na Wachina? Si wanajenga mikubwa zaidi?

Fundi wa mitambo: Upo wa Kuqa, Xinjiang, wa kampuni ya mafuta ya Sinopec: megawati 260 za umeme wa jua, uliwashwa 2023, unalisha kiwanda cha kusafisha mafuta cha Tahe. Ule ni wa alkali: ndani mna maji yenye alkali, na gesi hutenganishwa na kiwambo badala ya utando. Taarifa za baadaye zilisema mashine zilisumbua zikishuka chini ya nusu ya mzigo. Sababu inajulikana: umeme wa jua ukipungua, oksijeni inayozalishwa hupungua, lakini hidrojeni inayovuja kuvuka kiwambo ni ileile. Asilimia yake ndani ya oksijeni inapanda. Ikifika 2 mtambo unajizima, maana kwenye 4 inaweza kulipuka.

Mhesabu: Basi jua peke yake halitoshi, gridi tena! Na Wesseling usafishaji wa mafuta ghafi ulipangwa kukoma 2025, kitengo cha kuvunja mafuta mazito kigeuzwe cha mafuta ya msingi ya vilainishi. Mnunuzi wako wa saa 24 anapungua.

Fundi wa mitambo: Vilainishi navyo vinataka hidrojeni, na Godorf jirani bado wanasafisha. Mimi ningelipa ruzuku kwa kila kilo iliyoingia bombani, mita ikae baada ya kikaushio. Megawati za kwenye kibao, yaani ukubwa wa mtambo ulioandikwa tu, zisilipwe hata senti.

Mhesabu: Hapo tuko pamoja. Ila na mita ya umeme isomwe kila saa tangu sasa. Kanuni za Ulaya zinaruhusu umeme uliotumiwa ulinganishwe na umeme safi uliozalishwa kwa jumla ya mwezi hadi mwisho wa 2029, na mwezi mzima unaficha usiku mwingi wa makaa ya mawe.