Albamu za miaka ya 80 ambazo sauti yake haijachuja: zilirekodiwaje?

mtega_sikio

Wakuu, salaam. Natafuta albamu za miaka ya 80 za kupimia spika na kujifunzia kuchanganya sauti. Sihitaji orodha ya nyimbo zilizovuma. Nataka rekodi ambazo ukizipiga katikati ya nyimbo za mwaka huu hazisikiki kama zimetolewa makumbusho. Albamu nyingi za kipindi kile zimechuja kwa namna ileile: dramu zinalipuka kama mlango wa bati, vinanda vinang'aa mpaka vinachoma, mwangwi umefunika kila kitu. Lakini zipo chache zilizotumia mitambo hiyohiyo na bado ni mbichi. Zimetofautiana wapi? Na ule mlio wa dramu unaokatika ghafla, unatengenezwaje kwenye kompyuta bila kuharibu wimbo?

njia_24

Mkuu, kilichozeesha rekodi nyingi si mitambo, ni sauti za kiwandani. Yamaha ilitoa kinanda cha DX7 mwaka 1983. Kuipanga upya ilikuwa kazi: kioo kidogo, vitufe vingi, hesabu za kuumiza kichwa. Wapigaji wengi wakabonyeza piano ileile iliyokuja nayo, na leo sikio linaitambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Waliojitengenezea sauti zao wenyewe wameponea hapo.

Sikiliza Hounds of Love ya Kate Bush, 1985. Aliitengeneza kwenye studio yake mwenyewe nyumbani, hakuwa anakimbizana na saa za kukodi. Fairlight, mashine yake ya sampuli, ilikuwa ya biti 8, kiwango kidogo kuliko cha simu yoyote ya leo. Ila aliilisha sauti alizozitaka yeye, na ule ukwaruzo wa biti 8 ukawa rangi ya albamu. Wimbo wa kwanza, Running Up That Hill, umekaa juu ya LinnDrum, mashine ya dramu, iliyopangwa na Del Palmer, tomu (dramu za kati) zinazunguka bila kupumzika. Ulifika namba 1 Uingereza mwaka 2022, miaka 37 baada ya kutoka.

Kwa kupimia spika, anza na Thriller ya Michael Jackson, 1982. Fundi wake Bruce Swedien aliijenga sauti chumbani, kabla haijafika kwenye meza ya kuchanganyia. Kwa Billie Jean aliiweka dramu juu ya jukwaa la mbao, akaifunika kiki (dramu kubwa ya mguu) kwa gamba maalumu lenye zipu ya kupitishia maiki, akasimamisha kipande cha ubao kati ya snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) na haihati (matoazi mawili ya mguu) ili zisiingiliane. Ndiyo maana snea ile ina mahali pake kabisa, unaweza kuionyesha kwa kidole. Mpigaji ni Leon Chancler, aliyejulikana duniani kwa jina la Ndugu, neno letu hili hili. Walichanganya wimbo huo mara 91, kisha wakarudi kuchukua mchanganyo wa 2. Anayejifunza kazi hii na aikumbuke namba hiyo kila anapofungua faili usiku wa manane kuongeza kitu.

kipaza_tatu

Najibu la dramu. Chanzo chake ni albamu ya tatu ya Peter Gabriel, 1980, studio ya Townhouse, London. Fundi alikuwa Hugh Padgham, prodyuza Steve Lillywhite, na Phil Collins ndiye aliyepiga dramu. Meza yao ya kuchanganyia, ya kampuni ya SSL, ilikuwa na maiki ya kusikilizia mazungumzo ya wanamuziki waliomo chumbani, na kompresa yake (kifaa cha kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ilikuwa kali mno, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuinua sauti ya mtu anayeongea mbali. Collins akapiga dramu maiki ikiwa wazi. Chumba kizima kikavimba. Wakairekodi, wakaikata kwa geti la meza hiyohiyo, kifaa kinachofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani. Tena Gabriel alikuwa amepiga marufuku matoazi kwenye albamu nzima, na hilo ndilo linalosahauliwa: toazi likiingia kwenye kompresa kali hivyo, linavuma na kuzima kila kitu kingine.

Kwenye kompyuta, fungua njia ya pembeni ya mwangwi. Tuma kiki, snea na tomu pekee. Chagua mwangwi wa chumba, urefu wa sekunde 1.5 hadi 2, ucheleweshaji wa mwanzo usizidi milisekunde 10. Baada ya mwangwi weka kompresa, uwiano 10:1 au zaidi, ishuke desibeli 10 hadi 15. Mwisho geti.

Wengi wanaharibu hapa: wanaliacha geti lisikilize mwangwi wenyewe. Kompresa imekwisha kuulainisha, kwa hiyo geti halijui lifunge lini, linatetemeka. Liunganishe lisikilize snea kavu. Muda wa kushikilia, piga hesabu: 60,000 gawa kwa mapigo ya dakika. Wimbo wa 120 unakupa milisekunde 500 kwa pigo, nusu yake 250. Geti lifunge kabla ya hiyo nusu. Anza na 180, kisha sogeza kwa sikio. Ukipitiliza, hakuna ukimya kati ya pigo na pigo, na mlio wote unategemea ukimya huo. Muda wa kuachia uwe milisekunde 10 hadi 30. Ukiuweka sifuri utasikia "tik" kila linapofunga. Likifunguka kwa haihati, weka chujio upande wa kusikilizia, ruhusu 100 hadi 1,000 Hz tu.

Na usiuweke kila wimbo. Mashine ya AMS RMX16 ilipokuja na mwangwi wa aina hii tayari umepikwa, kila studio iliutumia, na hapo ndipo ulipochosha watu.

santuri_safi

Ongezeni Nightclubbing ya Grace Jones, 1981, Compass Point, Nassau. Sly Dunbar kwenye dramu, Robbie Shakespeare kwenye besi, Wally Badarou kwenye vinanda, Alex Sadkin kwenye meza. Vyombo vichache, kila kimoja na hewa yake. Kama besi ya spika zako inavimba, albamu hii itakuumbua ndani ya dakika moja. Kwa sauti za juu tumia The Nightfly ya Donald Fagen, 1982, iliyorekodiwa kwa mashine ya dijitali ya 3M yenye njia 32. Haina mvumo wa kanda.

Lakini angalieni toleo. Brothers in Arms ya Dire Straits, 1985, ina nyimbo ndefu zaidi kwenye CD kuliko kwenye santuri ya wakati ule. Santuri haikutosha, wakazikata. Na matoleo mengi yaliyosafishwa upya miaka ya 90 na 2000 yamebanwa ili yasikike kwa kelele, vilele vya snea vimekatwa. Ukilinganisha, usiliamini lile linalopiga kwa nguvu zaidi. Ingiza yote mawili kwenye programu, soma LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) ya wimbo mzima, shusha lenye kelele mpaka yalingane, ndipo usikilize. Mara nyingi CD ya zamani inashinda.

mtega_sikio

Nashukuru sana wakuu, hesabu ya geti nimeinakili. Na za kwetu je? Kuna ya kuweka meza moja na hizi?

kanda_asilia

Zipo, mkuu. Anza na Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, 1989, iliyorekodiwa Real World, studio ya huyo huyo Gabriel, kijijini Box, Uingereza. Magitaa yamepangwa kushoto na kulia, kila moja unalifuata mpaka mwisho.

Za Radio Tanzania Dar es Salaam ni suala jingine. Sikinde ya Mlimani Park walipiga bendi nzima kwa pamoja: magitaa, matarumbeta, saksafoni, hewa moja. Upigaji wenyewe hauna doa. Kinachoziua ni nakala za kanda zilizopandishwa mtandaoni.

Ukiwa na kanda halisi, safisha kichwa cha redio kinachosoma kanda kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kausha. Zima Dolby (kipunguza mvumo wa kanda) kama kanda haikurekodiwa nayo. Geuza sauti iwe mono, kisha zungusha taratibu skrubu ya pembeni mwa kichwa, robo mzunguko tu huku na huku, mpaka haihati na ncha za gitaa zing'ae kuliko zote. Kichwa kikikaa upande, sauti za juu zinapotea na hakuna programu itakayozirudisha. Rekodi biti 24, 48 kHz, kilele kisipite desibeli 6 chini ya sifuri.

Mvumo wa umeme kata kwa chujio nyembamba 50, 100 na 150 Hz. Mvumo wa kanda uache. Programu ya kuondoa mvumo inakula kwanza ule mlio mwembamba wa gitaa la solo, na kwenye dansi letu gitaa hilo ndilo linalobeba wimbo.

kipaza_tatu

Naongeza kwa kanda_asilia: kabla ya kugusa skrubu, weka alama ya wino ilipokuwa. Kanda inayofuata inaweza kuwa imerekodiwa kwa redio nyingine yenye pembe tofauti, na utahitaji pa kurudia.