Kwenda Muscat kupumzika nikiwa na mfuko wa ileostomi

Mama wa Kirumba anauliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa utumbo mwembamba hapa Mwanza, na tangu hapo choo hutokea kwenye tundu lililo upande wa kulia wa tumbo na kuingia kwenye mfuko. Nimeshazoea: naenda sokoni, napanda daladala, naimba kwaya, na majirani wengi hawajui. Sasa mdogo wangu aliyeolewa Muscat amenikatia tiketi nikapumzike kwake wiki tatu mwezi wa saba, na badala ya kufurahi ninakosa usingizi, kwa kuwa sijawahi kupanda ndege. Naogopa mfuko kupasuka angani, naogopa kukaguliwa mbele za watu, wala sijui nibebe vifaa kiasi gani, maana hata hapa kwetu kuvipata ni shida. Aliyewahi kusafiri nje akiwa na hali hii naomba anisaidie.

Mwalimu wa Sengerema:

Pole kwa wasiwasi, dada yangu, na hongera kwa safari. Mimi nina kolostomi, yaani tundu langu ni la utumbo mpana, kwa mwaka wa sita sasa, na nimekwenda India mara mbili. Jambo ninalokusihi kuliko yote ni hili: vifaa vyote vikae kwenye begi la mkononi. Safari ya kwanza niliviweka kwenye sanduku, sanduku likabaki njiani siku tatu, nami nikawa nafua taulo za hoteli usiku na kuzifunga tumboni kwa kanga ya mke wangu. Sitaki yakukute.

Kuhusu ukaguzi, beba barua ya daktari iliyoandikwa kwa Kiingereza, na kabla hujapita kwenye mashine mwambie mkaguzi wa kike kwa sauti ya chini kwamba una mfuko wa upasuaji, kisha uombe chumba cha faragha. Mimi niliambiwa niupapase mfuko kwa mkono wangu mwenyewe juu ya shati, wakapima viganja vyangu kama vina mabaki ya baruti, basi. Hakuna aliyenivua nguo. Siku ya safari usile kitu tangu asubuhi. Mimi hufanya hivyo na nasafiri kwa amani.

Muuguzi mstaafu, Nyakato:

Mwanangu, shauri la mwalimu kuhusu begi na barua lishike, lakini hilo la kushinda njaa usilifuate. Yeye ana kolostomi, wewe una ileostomi, tundu la utumbo mwembamba. Tumbo likiwa tupu, choo chako huwa majimaji zaidi na gesi huongezeka. Kula kidogo, ugali au wali na sato wa kuchemsha, na uache soda, maharage na kabichi tangu jana yake.

Mfuko haupasuki angani. Hewa ndani ya ndege iliyo juu hufanana na ya mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400, kwa hiyo gesi hutanuka kiasi na mfuko huvimba. Mwanza yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana utauona ukivimba zaidi ukipaa kutoka Dar es Salaam kuliko ukitoka hapa. Umwage kabla ya kupanda, kisha uombe siti ya upande wa njia, karibu na choo. Ukiwa chooni tandika kwanza karatasi ndani ya bakuli ili yasiruke.

Vibandiko vya kushikia mfuko vikate nyumbani, kwa utulivu, ukiwa umepima tundu upya kwa kadi ya kupimia, kwa sababu stoma, yaani tundu lenyewe, husinyaa katika miezi ya kwanza na kipimo cha hospitali huenda kimepitwa. Acha nafasi ya milimita mbili au tatu tu pembeni. Ikiwa hapa unabadilisha kila baada ya siku tatu, wiki tatu ni mifuko saba. Beba ishirini. Muscat mwezi wa saba joto hupita nyuzi 40, jasho hulegeza gundi, na mifuko iliyoachwa ndani ya gari huharibika.

Joto hilo ndilo ninaloliogopa kwako kuliko ndege. Mtu mwenye ileostomi hupoteza maji na chumvi nyingi, na kunywa maji matupu mengi huzidisha upotevu wa chumvi. Nunua pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, duka la dawa, uchanganye moja kwa lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo mchana kutwa. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, miguu ikikaza misuli au ukihisi kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wenyeji watakukaribisha kwa tende na kahawa: kula tende mbili, utafune sana, kwani ganda lake, kama karanga na bisi, huweza kuziba utumbo wako.

Kabla ya yote, panda meli uende Nansio, kisiwani Ukerewe, na kurudi. Ni saa kadhaa majini, na choo chake ni kidogo. Ukiweza huko, kwenye ndege utaweza.

Mama wa Kirumba:

Shikamoo mama, na ahsante sana, mwalimu. Sikujua kabisa habari ya maji matupu, na mimi ndiyo nilikuwa nikiyanywa kwa wingi nikidhani najisaidia. Jumamosi nakwenda Nansio kwa shangazi, na mifuko minne kwenye mkoba wa begani. Nikirudi nitaandika jinsi ilivyokuwa.