Intavyuu niliulizwa ukubwa wa soko la simu za mezani za ofisini dunia nzima, nikachemka. Mwenye uelewa anisaidie

Mtafutaji_Ilala

Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa na intavyuu kwenye kampuni moja ya ushauri wa biashara hapa Dar, jina naliacha. Maswali ya kawaida nilipita vizuri tu, jitambulishe, ulisoma wapi, mara yule mama aliyekaa katikati akagonga gonga simu ya mezani iliyokuwa pembeni yake akaniuliza, hii kitu, ya ofisini kama hii, kwa dunia nzima soko lake kwa mwaka ni kubwa kiasi gani? Una dakika kumi, karatasi hiyo hapo, na simu yako weka mfukoni.

Aisee. Nikaanza na watu bilioni 8, nikagawa kwa mbili nikapata wafanyakazi bilioni 4, nikasema nusu yao wako ofisini basi simu bilioni 2, mara dola 100 kila moja, dola bilioni 200. Nikamwona anamwangalia mwenzake. Akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, kijijini kwenu wenye simu ya mezani ni wangapi?" Hapo nikajua nimeshaumia.

Naomba kujua nilitakiwa kuanzia wapi. Nina intavyuu nyingine sehemu tofauti na wananiambia nao wanapenda haya maswali.

chizi_wa_namba

Hahaha mkuu dola bilioni 200! Umewauzia simu mpaka wavuvi wa Mafia.

Swali la aina hiyo ni la siku nyingi, ndugu yake ni lile la Enrico Fermi la kukadiria mafundi wa piano walioko Chicago. Jibu lenyewe hawalijali sana, wanakuangalia unavyolikata vipande. Na kosa lako la kwanza siyo namba, ni kwamba hukumuuliza kitu yule mama. Soko maana yake nini? Simu zilizokaa mezani leo au zinazouzwa kwa mwaka? Hizo ni namba mbili tofauti kabisa, wewe umezichanganya, umeuza dunia nzima simu mpya ndani ya mwaka mmoja kana kwamba mwaka jana hakuna mtu alikuwa nayo. Halafu bei ya kiwandani au ya dukani? Kifaa chenyewe tu au na mitambo na leseni na huduma?

Ungeuliza tu hayo ungekula maksi nusu kabla hujashika kalamu.

fundi_ekstensheni

Hii mada yangu kabisa, miaka 14 nafunga PBX (mtambo wa ndani unaogawa simu za ofisi) na simu za IP (zinazopitia waya wa mtandao wa kompyuta) maofisini, mahotelini, hospitali, naomba niandike kirefu mnivumilie.

Usianzie kwa watu, anzia kwa meza. Wafanyakazi duniani ni kama bilioni 3.5 hivi, na kama robo yao wako shambani, bado madereva, wajenzi, wamachinga, walinzi, mama ntilie, wa viwandani. Ukiwatoa wote wakabaki wenye kiti na meza ya ofisi mimi nakadiria milioni 600, hapa ndipo ubishi unaruhusiwa, ukisema 500 au 700 sitakupiga. Sasa wagawe kwa nchi maana ofisi ya Frankfurt siyo ofisi ya Singida. Nchi tajiri weka milioni 200 na nusu ya meza zina simu, hiyo milioni 100. China na nchi za kati weka milioni 250, theluthi wana simu, kama milioni 80. Sisi wengine milioni 150, moja kwa tano, milioni 30. Jumla 210. Halafu ongeza simu zisizo na mwenyewe, yaani zile za mapokezi, za getini kwa mlinzi, wodini, vyumba vya hoteli, kwenye kaunta za benki na maduka, mimi huwa naweka milioni 40. Tumefika milioni 250 zilizopo.

Sasa ndiyo utamu. Simu ya mezani haifi! Mkonga unakatika waya, unaweka mwingine, vitufe vinafutika namba, watu wameshazikariri. Nina mteja ana simu nilizomfungia 2012 bado zinaita. Kwa hiyo weka miaka 8, 250 gawa kwa 8 ni kama milioni 31 zinazofikia kubadilishwa kila mwaka. Ila zikifika hapo siku hizi siyo zote zinarudi, meneja anasema watu wana laptopu na hedseti, tumieni programu ya Teams kupigia, au mnipigie kwenye simu yangu ya mkononi. Tuseme nusu ndiyo inanunuliwa tena, milioni 15 na ushee. Bei kiwandani, kuna za dola 40 na za dola 300, lakini zinazouzwa kwa wingi ni zile za chini, wastani weka 80. Unapata dola bilioni 1.2 au 1.3. Ukipanda mpaka bei anayolipa mwenye ofisi, ongeza nusu, inakaribia 1.9.

Jibu langu ni kati ya dola bilioni 1 na 2 kwa mwaka. Wewe ulisema 200 😂 umezidisha mara mia.

chizi_wa_namba

Fundi heshima yako, ila nina swali. Kwa nini uhangaike na meza wakati ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wana takwimu za laini za mezani dunia nzima? Zilifika kilele kama 2006, bilioni 1.2 na zaidi, sasa ziko chini ya milioni 900. Si unatoa za majumbani unabaki na za ofisi?

fundi_ekstensheni

Huo mtego wengi wanaingia. Laini siyo simu. Ofisi inachukua E1 moja, yaani laini moja kubwa ya kidijitali kutoka kampuni ya simu, ile ina chaneli 30 za sauti, nyuma yake nafunga ekstensheni (simu za ndani) 200 maana watu wote hawapigi kwa wakati mmoja. Kwenye kitabu cha kampuni ya simu wewe una chaneli 30, mezani ziko simu 200. Na siku hizi wanatumia SIP, sauti inapita kwenye intaneti, zingine hata kwenye hesabu ya laini sijui kama zinaonekana vizuri. Ukija kwetu ndiyo kabisa, laini za mezani Tanzania nzima hazifiki laki mbili wakati za mkononi zimevuka milioni 60, ungehesabu kwa laini ungesema mimi sina kazi, na mimi nina kazi mpaka Jumapili.

Ukitaka kuhakiki namba yako nenda upande wa muuzaji. Yealink wa Xiamen, China, ni mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa wa simu za SIP na wako kwenye soko la hisa la Shenzhen, vitabu vyao viko wazi. Mapato ya 2023 ni yuan bilioni 4 na kitu, zaidi ya nusu ni simu za mezani, zingine ni vifaa vya mikutano. Chukulia yuan bilioni 2.5 za simu, gawa kwa 7 maana dola moja ni kama yuan 7, ni kama dola milioni 350. Kama wanashika robo au theluthi ya dunia basi soko lote ni dola bilioni 1 mpaka 1.4. Umeona inavyogongana na ile ya meza? Njia mbili hazijuani zimekutana, hapo kwenye intavyuu unaweka kalamu chini unakunja mikono.

Dada_Mapokezi

Jamani nimecheka na mkonga, wa kwangu nimeufunga selotepu mwaka wa pili.

Mimi niko mapokezi hotelini na nataka kumtetea fundi kwenye zile milioni 40, ikiwezekana aongeze. Wageni wetu hawapigi simu chumbani hata kidogo, wana WhatsApp, lakini hoteli haiwezi kuzitoa. Mgeni akianguka bafuni saa nane usiku anampigia nani, na namba ya mapokezi atakuwa nayo kwenye simu yake? Wamarekani mpaka wametunga sheria, inaitwa Kari's Law, kuna mama, ndiye huyo Kari, aliuawa kwenye chumba cha hoteli Texas 2013, binti yake wa miaka tisa alipiga 911, namba yao ya dharura, mara nne haikutoka kwa sababu simu ya hoteli ilitaka ubonyeze 9 kwanza. Tangu Februari 2020 mitambo mipya inayofungwa lazima 911 itoke moja kwa moja. Hiyo habari ilinikaa sana, siku ile ile niliandika kikaratasi cha namba ya mapokezi nikabandika kwenye kila simu ya chumba.

Kwa hiyo ofisini simu inaweza kufa, hotelini na hospitali bado sana.

mzee_wa_kopa

Dada umesema kweli. Mimi niongeze upande wa kampuni za simu za ofisi zinazokufa, maana mtu akisikia bilioni 1 hadi 2 anaweza kudhani ni biashara ya kwenda kuwekeza. Avaya wameomba kinga ya kufilisika mara mbili, 2017 na 2023. Mitel nao 2025. Panasonic wameachana na biashara ya PBX. Polycom alinunuliwa na Plantronics 2018, wakajiita Poly, halafu HP akawameza 2022. Hilo ni soko linalopungua, wazee wanakimbia, Wachina wanabaki kuuza kwa bei ya chini.

Ila kijana ukiulizwa mwelekeo usiseme tu "linashuka". Uingereza wanazima mtandao wa zamani wa simu za waya, ilikuwa mwisho wa 2025 wakasogeza mpaka Januari 2027, na kila ofisi yenye simu ya zamani lazima ibadilishe au iweke adapta. Mambo kama hayo yanainua mauzo kwa miaka miwili mitatu halafu yanalala.

fundi_ekstensheni

Mzee umenikumbusha. Kuna sababu nyingine simu haziondoki mezani na wala siyo kupiga. Waya wa mtandao unatoka ukutani unaingia kwenye simu, halafu unatoka nyuma ya simu kwenda kwenye kompyuta. Ukitoa simu, kompyuta haina intaneti mpaka mtu aje apange upya. Nimeshaitwa ofisi watu hawajanyanyua mkonga mwaka mzima, simu ni kipande cha waya tu pale, na bado walinunua nyingine zilipoungua na radi.

Mtafutaji, fanya hivi kabla ya intavyuu: hapo unapofanya kibarua sasa hesabu meza, hesabu simu, nyanyua kila mkonga usikilize.

Mtafutaji_Ilala

Wakuu nimerudi. Nimehesabu leo mchana wakati bosi ameenda kula. Meza 36, simu 14. Nimenyanyua mikonga yote, zenye mlio ni 6 tu. Moja ya hizo 6 iko chini ya meza ya mhasibu imewekewa mafaili juu.

Sasa fundi, naandika 14 au 6? Maana 6 kwa 36 ni moja kwa sita, karibu na ile moja kwa tano yako, lakini 14 ni zaidi ya theluthi.

fundi_ekstensheni

6. Zile 8 zipo mezani lakini hakuna atakayezinunua tena, siyo soko hizo. Kwa hiyo hata 250 yangu nimeipandisha kidogo, ishushe mpaka 220 na useme kwa nini, watakupenda.

Na bosi wako akitaka kubadilisha hizo 6 nitumie ujumbe pembeni.