Heathcliff mweupe: tumlaumu muigizaji au aliyempa nafasi?

Jana jioni pale barazani kwetu Mji wa Kale tumebishana mpaka kahawa ikapoa vikombeni, na aliyetugombanisha ni Heathcliff, yule shujaa wa riwaya ya Wuthering Heights. Binamu yangu ashaiona filamu mpya ya Wuthering Heights ya Emerald Fennell, ile ya 2026, anasema Jacob Elordi aliyemcheza Heathcliff ameua, kamera ikimkaribia tu hupumui, sasa rangi yake yakuhusu nini wewe? Nikamwambia haya, lakini kitabu ushasoma? Akaanza kuulizia kashata.

Emily Brontë, mwenye kitabu chake, mwaka 1847 kaandika mtoto mweusi-mweusi asojulikana kwao, mzee Earnshaw kamuokota njiani Liverpool, mji wa bandari, na jirani mmoja akimuona anadhani ni mtoto wa Kilascar. Jamani, Lascar ni kina nani? Mabaharia wa hii hii Bahari ya Hindi yetu! Kwa hivyo sisi watoto wa bandari kelele kidogo tuna haki nazo. Yule mtoto kudharauliwa, kuitwa majina, Hindley mwana wa mzee Earnshaw kumgeuza kibarua wa shamba, yote yamepata mlango hapo, sasa ukimuweka kijana mweupe mrefu mzuri mtazamaji anabaki kujiuliza kwani shida iko wapi, si amuoe tu huyo Catherine ampendaye yaishe.

Laurence Olivier kamcheza 1939, Ralph Fiennes 1992, ni yale yale, weupe. Mpaka 2011 ndio muongozaji Andrea Arnold akamchukua James Howson, mweusi. Na hapa mtanishangaa, mie Howson hakunikata kiu. Nafasi ilikuwa yake kabisa, ila kule mwisho hasira naiona usoni tu, mwilini haishuki. Kuchaguliwa ni kitu kimoja na kazi uliyofanya ni kitu chengine, Elordi msifuni mtakavyo, lawama yangu haendi nayo yeye.

Binamu akanirudi, mbona kwa Darcy, yule tajiri wa Pride and Prejudice ya Jane Austen, hulalamiki? Kweli silalamiki. Colin Firth wa ile ya televisheni ya 1995 na Matthew Macfadyen wa 2005 hawafanani hata kidogo na wote nawakubali, maana Darcy ni kiburi na pesa na kushindwa kusema, sura haibebi hadithi. Tazama Macfadyen anavyomshika mkono Elizabeth, msichana anayempenda, kumpandisha kwenye gari la farasi, anageuka kimya anaenda zake, kamera inashuka mkononi, vidole vinatanuka mara moja kama vimeunguzwa. Kitabuni hakuna hiyo, lakini ndio Darcy mwenyewe wallahi.

Ila binamu alinibana mahali pamoja, na hapa nataka msaada wenu. Jane Eyre, wa riwaya ya jina lake, anasema kwa mdomo wake hana sura nzuri, na ndio maana yale maneno anayomwambia Rochester, tajiri anayempenda, yanachoma, halafu Hollywood ikampa nafasi mrembo Joan Fontaine na hakuna alopiga kelele, hata mie. Kwa nini rangi tunaiona na hilo tunalimeza?