Dunia ikifika sifuri, bamvua litashuka?

Mwenye mashua, Langoni:
Assalaam alaykum. Bamvua lililopita maji yalifika daraja ya pili ya ngazi yetu, punda wa jirani akasimama ndani yake akitutazama kama sisi ndio tuliomwagia. Fundi ashauri tuinue sakafu ya chini. Mwanangu wa kidato cha tatu asema nisitupe pesa: mwaka 2050 dunia ikifika sifuri, hewa ukaa inayotoka ilingane na inayoondolewa, kila kitu kitarudi kama zamani. Kweli?

Mwalimu, Malindi:
Waalaykum salaam, Ami. Kijana ameshika nusu. Chukulia mashua inavuja. Sifuri ni kutia kalafati tu, kuziba panapovuja. Maji yaliyokwisha kuingia yamo mpaka yafuliwe, yamwagwe nje. Kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni ya hewa, leo imepita 420. Bahari na misitu itaendelea kuifua, lakini polepole mno.

Wengine huogopa kwamba joto litazidi tu, maana bahari ya kina bado haijamaliza kupata moto. Lingezidi kweli, ila bahari hiyo hiyo huku inafyonza hewa ukaa, na mambo hayo mawili karibu yanafutana. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, yakadiria mabadiliko yasiyofika nyuzi 0.3 katika miongo ya mwanzo, juu au chini. Joto linasimama. Halirudi.

Maji ndiyo hayasimami. Kina kinaendelea kupata joto na kuvimba, na barafu ya Greenland inaendelea kuyeyuka. Hata tukikomea nyuzi 1.5 juu ya joto la kabla ya viwanda, ripoti hiyo yataja kupanda mita 2 hadi 3 katika miaka 2000. Inua sakafu, Ami.

Mvuvi, Shela:
Sasa kama hayashuki, twahangaikia nini?

Mwalimu, Malindi:
Tukifika nyuzi 2 ni mita 2 hadi 6, kaka. Tena wewe mvuvi: matumbawe yetu yalipauka 1998 na mengi yakafa, kwa msimu mmoja wa joto. Kila tunapochelewa kuziba, joto linasimamia juu zaidi.

Mwenye mashua, Langoni:
Nimemsomea kijana yote. Akanyamaza, kisha akauliza haya yaliyokwisha kuingia atayafua nani. Sikuwa na jawabu. Fundi aja Jumatatu, nimemwambia aongeze safu moja ya mawe.