Tupeane uzoefu: Kalenda za kompyuta na saa za nchi mbalimbali

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, naomba wale mnaotengeneza programu za kalenda, au mnaozitumia kupanga vikao na watu walio nje ya Afrika Mashariki, mtueleze mliyokutana nayo. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tuko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia) mwaka mzima, hatusogezi saa mbele wakati wa joto na kuirudisha nyuma baadaye kama zifanyavyo baadhi ya nchi, na kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba tofauti yetu na nchi nyingine nayo haibadiliki. Ili tusichanganyane, naomba tuandike saa kwa tarakimu 24, kwa kuwa nimeshuhudia mwaliko wa "saa 3" ukieleweka kwa mmoja kuwa ni asubuhi ofisi zikiwa zimekwisha kufunguliwa, ilhali mwenzake aliuingiza kwenye simu kama 03:00, watu wote wakiwa wamelala.

Mtunza_Hesabu
Ofisi ninayoifanyia kazi iko New York, na kikao chetu cha kila wiki huanza 09:00 za huko. Wakati wao wa baridi, kwangu Dar es Salaam huwa ni 17:00. Wakati wao wa joto huwa ni 16:00. Wanaotatizika zaidi ni wenzetu wa London, kwani Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza husubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, na katika kipindi hicho cha kati kikao walichokizoea saa 14:00 huwaangukia saa 13:00. Kila mwaka hakosekani anayeilaumu kalenda, nayo iko sahihi kabisa. La kujiuliza ni kikao kinafuata saa za mji gani, na mwandaaji auchague mji huo kwenye mwaliko hata kama yeye mwenyewe yuko Arusha.

Fundi_Mifumo
Nakubaliana na ndugu hapo juu, nami niongeze upande wa hifadhidata, maana huko ndiko kwenye kazi. Watengenezaji wengi hufundishwa kugeuza kila saa kuwa UTC kabla ya kuihifadhi. Kwa jambo lililokwisha kutokea, kama malipo yaliyopokelewa, utaratibu huo unafaa. Kwa miadi ya siku zijazo una kasoro. Niliitwa kusaidia kukarabati mfumo wa miadi uliokuwa na wateja Cairo. Misri ilikuwa imekaa miaka kadhaa bila kusogeza saa, kisha mwaka 2023 ikaurudisha utaratibu huo kuanzia mwishoni mwa Aprili. Miadi ya Mei iliyokuwa imewekwa mapema kwa saa 10:00 ilihifadhiwa kama 08:00 UTC, na kanuni ilipobadilika ikaanza kuonekana saa 11:00, ingawa mteja na mwenyeji wake walipatana 10:00 na hakuna aliyegusa chochote. Tiba ilikuwa kuhifadhi kile walichopatana, yaani 10:00 pamoja na jina la eneo, Africa/Cairo, kisha UTC ikawa ya kukokotolewa tu, na ikokotolewe upya kila inapotoka toleo jipya la hifadhidata ya kanda za saa ya IANA, yaani orodha ya kanuni za saa za maeneo ya dunia ambayo kompyuta na simu huitegemea.

Mpitanjia
Mkuu, je, haitoshi kuandika "+2", yaani saa mbili mbele ya UTC, pembeni ya saa?

Wa_Juba
Haitoshi, kwa kuwa nchi yaweza kuibadilisha tofauti hiyo. Sudan Kusini ilikuwa na saa sawa na Nairobi hadi 1 Februari 2021, iliporudisha saa nyuma kwa saa moja. Wenzangu walioacha kalenda zao kwenye Nairobi, kwa kuwa saa zilikuwa zilezile, walijikuta wako saa moja mbele ya mji mzima. Waliokuwa wamechagua Juba, simu zao zikiwa zimepata masasisho, hawakubadilisha kitu.

Dada_wa_Toronto
Kwetu tatizo lilikuwa siku za kuzaliwa. Programu ya familia iliihifadhi siku ya kuzaliwa ya mama kama usiku wa manane wa Nairobi, hivyo huku Toronto ikaonekana siku iliyotangulia. Kiwango cha iCalendar ambacho programu za kalenda hukitumia kupeana miadi, kilichoandikwa katika waraka RFC 5545 wa mwaka 2009, kinaruhusu kuandika tarehe peke yake bila saa, na pia saa isiyofungwa na eneo lolote, ambayo humfuata mtu popote aendapo. Hiyo ya pili ndiyo ninayoitumia kwa kikumbusho cha dawa.

Mpima_Programu
Kabla toleo halijatoka, mimi hujaribu miadi miwili ya New York. Wa kwanza ni wa 02:30 siku ya kusogeza saa mbele, saa ambayo haipo: kiwango alichokitaja dada kinaagiza isomwe kama 03:30. Wa pili ni wa 01:30 siku ya kurudisha saa nyuma, Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambayo hupita mara mbili. Hapo huchukuliwa ile ya kwanza. Programu nyingi ninazoletewa huanguka kwenye huo wa pili.